190/50 au 190/55? Nilivyochagua tairi la nyuma la R1

Ninaendesha pikipiki ya mbio, Yamaha R1 ya 2005, niliyoinunua mkononi hapa Dar es Salaam. Kiwandani ilitoka na tairi la nyuma la 190/50ZR17, na ndiyo saizi niliyoikuta. Sasa inatembelea 190/55. Kwa kuangalia namba ni kitu kidogo, lakini uamuzi huo ulinila pesa, ukanizungusha Kariakoo na Gerezani, na ukaniingiza kwenye mabishano na watu wa kila aina. Naandika kwa ajili ya ndugu anayekaribia kununua, maana tairi la namna hii ukishalifunga na kulitembeza hakuna duka litakalolipokea tena.

Shida ilianza polepole. Safari zetu nyingi ni za barabara iliyonyooka: Dar hadi Chalinze, Chalinze hadi Morogoro, ukijisikia unaunganisha hadi Dodoma. Tairi la nyuma la pikipiki ya mbio likitembezwa hivyo linalika katikati tu. Mgongo unakuwa bapa, mabega yanabaki mapya. Ukilitazama haraka unaona bado lina kashata, unasema lina maisha. Ukweli unaujua ukiingia kona. Unasukuma usukani, pikipiki inagoma kulala. Unasukuma zaidi, bado inagoma. Halafu inavuka ukingo wa lile bapa na kulala yote kwa mkupuo, zaidi ya ulivyotaka.

Mimi hali hiyo ilinibana vizuri kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Anayeijua hahitaji kuelezwa: lami nyembamba inayopanda kwa kona zilizojikunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na Coaster inashuka ikiwa imechukua zaidi ya nusu ya barabara. Kwenye kila kona nilikuwa nabahatisha pikipiki italala lini. Nilifika Soni mabega yamekakamaa, nikasimama, nikakaa chini kwa muda kabla ya kuendelea. Niliogopa, na siku hiyo sikufurahia hata kilomita moja ya barabara ambayo watu husafiri kutoka mbali kuifuata.

Niliporudi Dar, fundi wa kwanza aliipanda, akazunguka mtaa, akasema ni shokapu ya nyuma, ishushwe ikafanyiwe matengenezo. Kazi hiyo si ya bei ndogo. Fundi wa pili, mzee mmoja mkimya, hakuipanda kabisa. Aliingia ndani akatoka na rula ya chuma, akailaza kwa mkingamo juu ya mgongo wa tairi. Tairi zima lina mviringo, rula inagusa sehemu moja na ukiibonyeza upande inachezacheza. Juu ya langu ilitulia kimya, imelala juu ya bapa lenye upana wa vidole vinne. "Kijana, shokapu yako nzima," akasema. "Hapa unaendesha gurudumu la mkokoteni." Jaribio hilo halina gharama. Lifanye kabla hujatoa hata shilingi kwa jambo lingine lolote.

Basi nikaenda kutafuta tairi. Duka la kwanza walinisikiliza, wakaitazama pikipiki kwa nyuma, wakanipa ushauri ambao nimeshausikia sehemu nyingi: "Kaka, chukua 200. Pana ndiyo inakamata lami." Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotezwa.

Namba ya kwanza, 190, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili ni asilimia: urefu wa ubavu wa tairi, kuanzia rimu hadi juu, ukilinganishwa na huo upana. Ya mwisho, 17, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo 190/50 ina ubavu wa milimita 95. 190/55 ina milimita 104.5. Na 180/55, ambayo wengi wanaidhania ndogo, ina milimita 99. Yaani kwa kimo inaizidi 190/50. Ukiwa na hizo hesabu mkononi utaona kwamba upana peke yake haukuambii pikipiki itakaaje.

Na upana wenyewe hauchaguliwi na wewe, unachaguliwa na rimu. R1 yangu ina rimu ya nyuma ya inchi 6, na imeandikwa kwenye rimu yenyewe, MT6.00, futa vumbi utaona. Pikipiki nyingi za CC 600 za Kijapani, na Suzuki GSX-R750 pia, zina rimu ya inchi 5.5, na tairi lake ni 180/55. Nimewaona vijana wenye R6 na CBR600RR wakifunga 190 ili nyuma ipendeze. Tairi lililopimwa kwa rimu ya inchi 6 likibanwa kwenye ya 5.5, mbavu zinavutwa ndani na umbo la mgongo linabadilika, halilali tena kama waliolitengeneza walivyokusudia. Unalipa zaidi, unabeba uzito zaidi, na pikipiki inakuwa nzito kugeuka. Kama rimu yako ni 5.5 na unatamani kimo, baadhi ya watengenezaji wanatoa 180/60. Hiyo ndiyo njia ya kuiangalia, na hata hiyo upime nafasi kwanza. Wenye rimu ya 5.5 wengine wote, bakini na 180/55. Nasema hivyo bila kusita.

Kwa hiyo kwangu 190 haikuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa namba ya pili.

Duka la pili walikuwa nalo 190/50 la kampuni nzuri, jipya, limefungwa kwa nailoni, bei ya kuvutia sana. Nililigeuza nikatafuta zile tarakimu nne zilizo mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zilisoma 1412: wiki ya 14 ya mwaka 2012. Halijawahi kugusa barabara, lakini raba yake ilikuwa imekauka; nilibonyeza ukucha begani haukuingia hata alama. Muuzaji hakuwa anaficha kitu, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Sehemu nyingine nilionyeshwa tairi la mtumba lenye umbo safi kabisa, nikapapasa ndani kwa mkono nikakuta kiraka cha pancha karibu na bega. Sehemu hiyo ndiyo unayoikalia ukiwa umelala kwenye kona. Nililiacha.

Baada ya hapo nikakubali kwamba nitaagiza kutoka nje, na kama naagiza, basi niwe na uhakika wa ninachokitaka. Jioni nyingi zilipita nikisoma na kuuliza. Nilichokigundua kikanipa moyo ni kwamba viwanda vyenyewe vimepita njia hii. R1 ya 2004 hadi 2006 ilitoka na 190/50. Ilipofika R1 ya 2009, Yamaha wakaiweka 190/55. Kawasaki walishafanya hivyo kwenye ZX-10R ya 2006. Honda wamekwenda mbali zaidi, CBR1000RR-R ya 2020 ina 200/55. Lakini sikutaka kuiga tu, maana kiwanda kikibadilisha tairi kinapanga upya na vitu vingine: pembe ya shokapu za mbele, urefu wa mkono unaoshika gurudumu la nyuma, kila kitu. Mimi nilikuwa nabadilisha kimoja na kuviacha vingine. Ilibidi nijue kitakachovurugika.

Kwanza kimo. Ekseli ya nyuma inapanda karibu milimita 9.5 kwa hesabu ya karatasi. Nyuma ikipanda, pikipiki inainamia mbele na shokapu za mbele zinasimama wima zaidi. Matokeo yake inageuka kwa wepesi, na kwa upande mwingine inapungukiwa utulivu kwenye mwendo mkubwa. Kiti nacho kinapanda kidogo, na mwenye miguu mifupi atalisikia hilo kwenye foleni ya Ubungo. Stendi ya pembeni inailaza pikipiki zaidi.

Pili mzunguko. 190/50 inazunguka kama milimita 1,953 kwa mzunguko mmoja. 190/55 kama 2,013. Hiyo ni asilimia 3. Ukiwa na sproketi ya nyuma ya meno 45, ni sawa na kuipunguzia zaidi kidogo ya jino moja: gia zinarefuka, kuondoka kunapoa kidogo, na kwenye mwendo wa safari injini inazunguka taratibu zaidi. Kwa pikipiki kama yangu, ambayo spidomita inasoma kwenye giaboksi na si kwenye gurudumu la mbele, ujue kwamba mshale ukisema 50 unakwenda haraka kuliko ulivyokuwa unakwenda zamani mshale ukisema 50. Tochi za trafiki kwenye vijiji vya barabara ya Segera hazisomi spidomita yako. Na kama pikipiki yako ni ya kisasa, ina mfumo wa kuzuia gurudumu kuteleza unaolinganisha mwendo wa gurudumu la mbele na la nyuma, usibadilishe kimo kabla hujajua mfumo huo unarekebishwaje. R1 ya 2005 haina mambo hayo, na katika hili nilishukuru.

Tatu umbo, na hili ndilo lililonifanya niamue. Upana uleule ukipewa ubavu mrefu, mgongo unapata mviringo mkubwa zaidi kutoka katikati hadi begani. Ukiilaza pikipiki unakalia raba nyingi zaidi, na inalala kwa kasi ileile tangu wima hadi chini, bila pale mahali inapogoma na pale inapoanguka. Mimi nilikuwa natoka kwenye hofu ya Lushoto. Nilitaka hicho kuliko kitu kingine chochote.

Nikaagiza 190/55 ya Pirelli Diablo Rosso III, kwa sababu tairi langu la mbele lilikuwa la jina hilohilo na bado zima. Kuchanganya matairi yenye maumbo tofauti mbele na nyuma kunaweza kuharibu kazi yote. Hadi linafika mkononi, usafiri na ushuru ndani, lilinitoka kama laki nane na nusu. Kufunga na kubalansi elfu arobaini, vali mpya elfu kumi. Nilijiuliza usiku mmoja kama nina akili timamu kutoa pesa hiyo kwa tairi moja wakati ada za watoto ziko mlangoni. Kisha nikakumbuka ile Coaster.

Kwenye kufunga, msimwachie fundi wa boda alifunge kwa machuma ya kubandulia kando ya barabara. Ni kazi yake na anaijua, ila si kwa rimu hizi. Kingo zake zikichunwa kidogo tu upepo unavuja na hutajua unavujia wapi. Tafuta mwenye mashine na vizuizi vya plastiki. Angalia mshale wa mzunguko ubavuni kabla gurudumu halijarudi kwenye pikipiki. Likijazwa upepo utasikia milio miwili mikubwa, kila ubavu ukikaa mahali pake kwenye rimu. Halafu kuna mstari mwembamba unaozunguka ubavuni karibu na rimu. Ufuate kwa kidole pande zote mbili, umbali wake kutoka kwenye rimu uwe sawa kote. Langu lilikuwa limezama kidogo sehemu moja. Nilimwonyesha fundi, akatoa upepo, akapaka sabuni, akajaza tena, likakaa.

Kisha nafasi. Tairi linatanuka kwenye mwendo mkubwa, kwa hiyo kilichopita kwa unywele gereji kitagusa barabarani. Zungusha gurudumu kwa mkono na uangalie pande zote: mbele ya tairi ndani ya ule mkono wa nyuma, upande wa cheni, na juu chini ya madigadi. Kwangu mkono wa nyuma ulikuwa na nafasi ya kutosha, ila madigadi aliyoiongeza mwenye pikipiki wa zamani ilikuwa karibu mno. Tuliinua kwa kuongeza washa kwenye boliti zake hadi kidole changu kikapita kwa raha. Na kumbuka hili: cheni iliyovutika inaisogeza ekseli nyuma. Siku utakapoweka cheni mpya ekseli itarudi mbele na nafasi itapungua. Pima ukifikiria siku hiyo.

Kwa udadisi nilichora chaki kwenye tairi na sakafuni, nikaisukuma pikipiki hadi alama irudi chini, nikapima kwa futi ya fundi seremala. Nilikuwa nimefanya hivyo na tairi la zamani pia. Tofauti ilikaribia sentimita saba, kwa kuwa la zamani lilikuwa limelika.

Kilomita mia za mwanzo niliendesha kwa upole. Tairi jipya lina uso laini unaoteleza, na limewaangusha watu wakitoka tu getini kwa fundi. Lilaze kidogo kidogo, usivute mafuta kwa ghafla.

Halafu tukarudi Lushoto, mimi na mwenzangu ambaye ana R1 ya 2006. Bahati nzuri yeye alikuwa ametoka kufunga 190/50 mpya, ya aina ileile na yangu. Hii ndiyo ilikuwa nafasi ya kujua ukweli, maana mtu yeyote anayetoka kwenye tairi lililolika na kuweka jipya atakuambia pikipiki imezaliwa upya, hata ukimpa saizi ileile. Tulipofika Mombo tukabadilishana pikipiki, tukapanda hadi Soni, tukarudishiana, tukaendelea.

Yake ilikuwa nzuri. Nataka niliseme hilo wazi. Sehemu kubwa ya hofu yangu ilitokana na tairi kuisha, wala saizi haikuwa na kosa kubwa. 190/50 mpya inaingia kona bila kugoma, ila inataka uiambie mara mbili: unasukuma, inaanza, unasukuma tena inakamilisha. Kwenye kona zinazofuatana kulia na kushoto, kazi hiyo mikono inaihisi. Yangu ilikuwa inakwenda pale ninapotazama. Ukiamua katikati ya kona kwamba unahitaji kujikunja zaidi, kwa sababu kuna kokoto au maji yanavuka lami, inakubali bila kusumbua. Mwenzangu alishuka kwenye yangu akaizunguka, akaichuchumalia, akalitazama lile tairi kwa muda mrefu bila kusema neno.

Lakini wakati wa kurudi, kati ya Segera na Chalinze, nililipa upande wa pili. Kila nilipopishana na semi, upepo wake ulikuwa unautikisa usukani kuliko zamani, na kwenye mifereji iliyochimbwa na malori, mbele ya pikipiki ilikuwa nyepesi mno. Ndiyo zile shokapu zilizosimama wima. Dawa yake ilikuwa kulegeza vibano vya juu na vya chini na kuziteremsha shokapu za mbele milimita 5, ili mbele nayo ipande kidogo. Fanya pande zote mbili sawasawa, pikipiki ikiwa imeinuliwa vizuri, na boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo kama kitabu kinavyosema. Baada ya hapo utulivu ulirudi kwa kiasi kikubwa na wepesi wa kona ukabaki. Nilijaribu milimita 10, ikawa imepoa, nikarudi 5.

Upepo: kitabu cha R1 kinasema 36 psi mbele na 42 nyuma, tairi likiwa baridi. Kuna watu watakuambia shusha hadi 32 ishike. Hayo ni ya kwenye viwanja vya mbio. Kwa lami ya Dodoma saa saba mchana, na mwendo wa masaa, tairi lenye upepo mdogo linachemka na kuisha mapema. Nunua kipimo chako mwenyewe na upime asubuhi kabla ya kutoka; vya vituo vya mafuta vinatofautiana kila kimoja na chake.

Mwenzangu amebaki na 50. Anafanya kazi Morogoro, familia iko Dar, kila mwisho wa wiki yuko kwenye barabara iliyonyooka, na miguu yake haina ziada ya kutoa. Kwa matumizi yake ningechagua hivyohivyo. Mimi nafuata milima: Lushoto, Kitonga, kupanda Uluguru nikipata nafasi. Ndiyo maana sijamshauri mtu yeyote achukue 55 kabla ya kumuuliza anakwenda wapi Jumamosi.

Ukishaamua na unaagiza, usimtumie muuzaji "tairi la R1". Andika yote: 190/55ZR17 M/C 75W (M/C ni alama ya tairi la pikipiki, 75W ni kiwango cha mzigo na mwendo), jina kamili la tairi, na kwamba unataka lililotengenezwa ndani ya miaka miwili. Kabla hujalipa, omba picha mbili zilizopigwa karibu, moja ya saizi, nyingine ya zile tarakimu nne. Anayekataa kupiga picha hizo, tafuta mwingine.